Fundi wa Chokaa na Nyumba ya Mizani

Nilikwenda Mpanda nikiwa mwalimu wa historia. Barua ya uhamisho haikueleza kwa nini ninatolewa darasani. Ilisema tu kwamba nitakuwa afisa utamaduni wa halmashauri ya wilaya. Wakati huo Mpanda ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Rukwa na maamuzi mengi yalitoka Sumbawanga. Ofisi yangu ilikuwa chumba chenye meza mbili. Moja ilikuwa yangu, ya pili ilikuwa ya ngoma sita za wilaya, ambazo hazikuwa na mahali pengine pa kukaa. Nilishughulikia kwaya, vikundi vya ngoma, na michezo ya shule pale afisa michezo alipokuwa safarini. Mwisho kabisa wa orodha ya majukumu palikuwa na mstari mmoja: kutunza majengo na maeneo ya kale.

Aliyenitangulia hakuwahi kuugusa mstari huo. Mimi niliugusa kwa sababu mwaka wangu wa pili zilikuja fomu kutoka wizarani, bahasha nzima, kila wilaya iorodheshe majengo yake ya zamani: lilijengwa na nani, kwa vifaa gani, lina urefu gani, hali yake ikoje, linatumika kwa nini sasa. Nikaazima futi kamba kwa idara ya ujenzi, nikaanza kuzunguka. Watu wa kata ya Kashaulili, pale mjini, walinizoea nikipima maduka ya zamani huku wenye maduka wakiniuliza kama wanabomolewa. Nilikwenda mpaka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kupima majengo ya misheni, na huko sikuwa na kazi kubwa, maana mapadri walikuwa wameshaandika kila kitu wenyewe na wanatunza mali yao vizuri kuliko serikali.

Jengo lililonishika lilikuwa mjini hapohapo, upande wa stesheni ya reli. Watu waliliita Nyumba ya Mizani. Mgodi wa madini ya risasi ulipokuwa ukifanya kazi, mawe yenye madini yalipimwa humo kabla ya kusafirishwa. Mgodi ulifungwa kabla sijaanza shule, mizani yenyewe ilikwishaondolewa, na kilichobaki kilikuwa chumba kirefu cha matofali ya kuchoma, madirisha ya matao, na bati upande mmoja tu. Ukuta wa mashariki ulikuwa na ufa ambao mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko. Akina mama wa sokoni walihifadhi humo magunia yao mvua ikinyesha.

Nilikuwa bado sijamaliza kuijaza fomu yake nilipopata habari kwamba injinia wa wilaya ameomba kibali cha kuibomoa nyumba hiyo. Shule moja ya msingi ilikuwa na watoto wanaosomea nje, na matofali yale yangetosha madarasa. Sikuwa na hoja ya kushindana na watoto wanaosomea nje. Hata hivyo niliandika waraka wa kurasa tatu kwenda kamati ya ujenzi, nikaeleza kwamba Mpanda haikuanza na ofisi zetu, kwamba mji huu ulizaliwa kwa sababu ya mgodi na reli, na kwamba jengo lile ndilo la mwisho la mgodi lililobaki katikati ya mji. Nilisoma waraka huo kwa sauti. Mwenyekiti wa kamati, mkulima mwenye akili nyingi na maneno machache, aliuliza swali moja tu: likianguka lenyewe na kuua mtu, nani atajibu?

Injinia akasema litaanguka masika haya haya. Nikasema halitaanguka. Sikujua nilichokuwa nikisema, lakini kamati ilipenda namna ile ya kumaliza mabishano. Wakaamua kwamba nipewe mpaka mwisho wa masika. Likisimama, libaki. Likianguka, matofali yaende shuleni na nisilete tena waraka.

Fundi wa kwanza niliyempata alikuwa wa mjini, kijana hodari aliyejenga nusu ya nyumba mpya za Kashaulili. Aliziba ufa kwa saruji siku mbili, akapiga plasta, kazi ikapendeza. Wiki tatu baadaye plasta ilibanduka kama ganda, na ilipobanduka iliondoka na uso wa matofali. Fundi alishangaa kuliko mimi. Tuliposugua sehemu za zamani tukaona kwamba waliojenga hawakutumia saruji popote. Ilikuwa chokaa na mchanga, laini kiasi cha kukwaruzwa kwa kucha, na saruji ilikuwa ngumu mno kwa tofali lile. Akaniambia kwa uaminifu kwamba chokaa hajui kuitumia na hajawahi kumwona anayeijua.

Aliyenisaidia alikuwa mama mmoja aliyeuza maharage sokoni na kuweka magunia yake katika Nyumba ya Mizani. Alikuwa na sababu zake za kutaka jengo libaki. Maharage aliyanunua Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na huko alimjua mzee mmoja ambaye kwao alikuwa akijenga makanisa.

"Nenda kamwone, mwalimu," aliniambia. Mjini wote waliendelea kuniita mwalimu. "Ila yule hatoki bila karatasi. Usimwambie aje tu."

Nilipata nafasi kwenye lori lililokwenda kuchukua mahindi. Mishamo ni mbali, na barabara wakati ule ilikuwa ya kumfanya mtu asahau alichofuata. Nilimkuta fundi shambani akichimba mihogo. Alikuwa amepita miaka hamsini, mwembamba, na mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi akiwa na umri kama niliokuwa nao mimi siku ile, na hajarudi tangu hapo. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, kila neno limewekwa mahali pake taratibu. Alinikaribisha, mkewe akaleta mihogo ya kuchemsha na maharage, na hakuniuliza kitu mpaka nilipomaliza kula.

Nilimweleza habari za jengo. Aliuliza upana wa ukuta, aina ya tofali, na kama msingi umezama. Kisha akauliza nani anaishi humo.

Nikasema hakuna mtu.

"Linatumika kwa kazi gani?"

Nikasema linatunza magunia, basi.

"Mnataka kutengeneza nyumba isiyo na mtu," alisema. Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa akihakikisha kwamba amesikia vizuri, kwa sababu lugha haikuwa yake. Nikajaribu kumweleza juu ya kumbukumbu, na nikajisikia maneno yangu yakiwa mengi. Akasema atakuja, kwa kuwa ni muda mrefu hajashika chokaa.

Mkuu wa makazi alimpa kibali cha kutoka makazini, cha siku kumi na nne, kwa maombi yangu ya maandishi. Nilimwahidi fundi mbele ya mkewe kwamba siku zisipotosha nitaomba nyingine kabla hizo hazijaisha. Mkewe aliniangalia nilipokuwa nikisema hivyo.

Chokaa tuliitengeneza wenyewe. Fundi aliuliza kama ziwani hakuna konokono, na kwa malori ya samaki yaliyotoka Karema tukaletewa magunia ya magamba yao, meupe na makavu. Alijenga tanuru dogo nyuma ya jengo, akapanga tabaka la kuni na tabaka la magamba, akalichoma siku mbili. Yaliyotoka yalionekana kama yalivyoingia, ila mepesi. Aliyatia kwenye shimo na kuyamwagia maji, na shimo likaanza kuchemka lenyewe, mvuke ukapanda, watu wa stesheni wakaja kutazama. Injinia naye alikuja. Alisimama mikono mfukoni, akauliza maswali ya kitaalamu, fundi akamjibu kwa maneno machache na heshima nyingi, na wakati wa kuondoka injinia aliniambia kwamba mtu huyu amesoma. Nikamwambia sidhani kama alipita darasa la nne. Akasema si hayo aliyokuwa akiyazungumzia.

Kilichotuponza ni kwamba chokaa haina haraka. Fundi alisema kwa haki ingelala shimoni miezi, lakini akakubali wiki. Tukaingoja wiki hiyo huku yeye akichonga na kuondoa saruji ya yule kijana, tofali kwa tofali. Alipoanza kujenga zilikuwa zimebaki siku nne kwenye kibali, na ukuta ulihitaji kama kumi. Alinikumbusha mara moja, asubuhi, akiwa juu ya jukwaa la miti na timazi mkononi. Nikamwambia barua ninaiandika leo.

Niliiandika kweli. Nikaipeleka kwa karani, ikachapwa, ikarudi mezani kwangu kusainiwa. Siku hiyohiyo ikaja taarifa kwamba Mwenge wa Uhuru utapita wilayani mapema kuliko ilivyopangwa, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwa na kwaya na ngoma tayari katika vijiji vitatu. Gari lilikuwa linangoja nje. Niliondoka na ngoma zote sita. Barua ilibaki juu ya meza yangu bila saini, na niliikumbuka siku ya tatu, nikiwa nimesimama katikati ya uwanja wa shule nikiwaonyesha akina mama mahali pa kusimama, na gari halikuwa likirudi mjini mpaka Mwenge upite.

Niliporudi mjini nilikwenda moja kwa moja stesheni. Jukwaa lilikuwapo, na ndoo ya chokaa ilikuwa imefunikwa vizuri kwa gunia bichi. Fundi hakuwapo. Mama wa maharage alinifuata akitokea sokoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba fundi alikwenda kununua chumvi, askari akamwomba karatasi, karatasi ikaonekana imepitwa na siku moja. Alilala mahabusu siku mbili. Asubuhi ya siku ile akapakiwa kwenye lori pamoja na wengine na kurudishwa Mishamo.

Nilisaini barua ile ingawa haikuwa na kazi tena. Ilikuwa imekwishapewa namba ya jalada.

Ilinichukua siku tano kupata usafiri. Njiani nilitunga namna ya kueleza, nikaanza na Mwenge, kisha nikaona afadhali nisimtaje Mwenge kabisa. Mkewe alinipokea kwa adabu na kunipa kigoda, lakini safari hii hakuleta chakula, na sikutegemea alete. Fundi alitoka ndani akiwa na shati safi. Nikamwambia barua ilikuwa tayari, ilikuwa mezani kwangu, kosa ni langu peke yangu.

"Nilimwambia askari kwamba afisa yuko njiani," alisema. "Nilimwambia siku ya kwanza. Siku ya pili nilimwambia tena."

Kisha akaanza kunieleza kazi iliyobaki, kama vile nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. Ufa ulikuwa umekwisha kuzibwa. Zilibaki safu mbili za juu, ambazo hata yule kijana wa Kashaulili angeweza kuziweka, mradi asithubutu kuchanganya saruji. Lakini ukuta usiachwe ukakauka kwa jua. Ufunikwe magunia, na magunia yamwagiwe maji asubuhi na jioni, wiki nne. Nilitoa daftari nikaandika. Lilikuwa limebanwa pamoja na fomu za wizara, na akaiomba moja aione.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Akauliza fomu hizi ni za majengo ya wapi. Nikasema ya wilaya hii. Akauliza kama jengo lililo mahali pengine linaweza kuandikwa. Nikamwambia utaratibu hauruhusu. Akairudisha fomu.

Kisha nikachukua kalamu, nikamwambia anitajie.

Lilikuwa kanisa, kwenye kilima, mwendo wa saa mbili kutoka alikozaliwa. Alilijenga na kaka yake na mafundi wengine saba, miaka miwili, likamalizika kabla ya mambo kuharibika. Alinipa urefu kwa hatua za miguu, akasimama na kuzipiga pale uani ili nisikosee: hatua arobaini na mbili kwenda, kumi na tano kukata. Mawe chini mpaka usawa wa kiuno, matofali juu. Chokaa ya mawe. Madirisha sita kila upande, na moja la upande wa kaskazini limepinda kidogo, kosa la kaka yake, ambalo padri hakuligundua. Mkewe, aliyekuwa akipepeta maharage mbali kidogo, alisema kwa Kirundi kitu ambacho fundi alinitafsiria: mlango ulikuwa wa rangi ya kijani, asisahau. Nikaandika kijani.

Nilipofika kwenye hali ya jengo kwa sasa, nilimwangalia.

"Sijui," alisema. "Andika sijui."

Palipoandikwa wajenzi niliandika jina lake, la kaka yake, na ya wale saba. Aliyakumbuka yote. Kaka yake na watano kati ya wale hawakuvuka mpaka. Hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu.

Mtunza masijala wetu alikuwa mama mmoja makini, asiyekubali karatasi ikae jalada lisilo lake. Aliniletea ile fomu ya kanisa akaniuliza kata yake ni ipi. Nikamwambia haina kata. Akaisoma yote akiwa amesimama, akauliza kama hili litatuletea maswali. Nikasema hakuna anayesoma jalada hili. Akaondoka nayo, na nilipoangalia baadaye nikaikuta imefungwa ndani kwa mpangilio, na ukurasa umepewa namba kwa mkono wake.

Wiki nne zile nilimwagilia ukuta mwenyewe. Ningeweza kuweka kibarua, lakini niliona si kazi ya kumpa mtu mwingine. Nilichota maji kwenye bomba la stesheni kabla ya saa moja na nusu na tena baada ya saa za kazi. Watumishi wenzangu walinitania kwamba nimehamishiwa idara ya kilimo. Kijana wa Kashaulili aliweka zile safu mbili za juu kwa uangalifu mkubwa, na akachukua chokaa iliyobaki ajifunze nayo kwake.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa nguvu. Mwezi Machi mvua ilinyesha siku tisa mfululizo, reli ikakatika huko mbele, treni isije kwa wiki mbili. Siku ya saba nilikuwa ofisini niliposikia watu wakikimbia. Nyumba ya Mizani ilikuwa imeanguka upande mmoja. Nilikwenda na mwavuli wa karani, nikiamini nitakuta ule ukuta wetu chini.

Ukuta wa mashariki ulikuwa umesimama. Ulioanguka ulikuwa wa magharibi, ambao haukuwa na ufa, ambao sisi sote, fundi, injinia na mimi, tuliuona mzima. Maji yalikuwa yamepita chini ya msingi wake. Hakuna aliyeumia, magunia manne ya maharage yalifukiwa, na mama mwenyewe alikuwa hapo akiyavuta kwenye tope na kunielekeza nishike upande wa pili.

Kamati ilikutana mvua zilipopungua. Uamuzi wao haukuwa ule nilioogopa wala ule niliotaka. Ukuta wa magharibi ulikuwa umeanguka, kwa hiyo matofali yake yaende shuleni. Ukuta wa mashariki ulikuwa umesimama, kwa hiyo ubaki, pamoja na sehemu yenye bati. Injinia mwenyewe ndiye aliyependekeza, na akaahidi kuweka ukuta mwembamba wa kufungia upande uliokuwa wazi, kwa chokaa. Nilipiga kura ya ndiyo. Matofali yale yalijenga darasa moja na nusu. Nililipima pia, ingawa lilikuwa jipya.

Muhtasari wa kikao ulipotoka nilisoma kwamba ukarabati wa ukuta wa mashariki ulifanywa na mafundi wa idara ya ujenzi. Kikao kilichofuata nilinyoosha mkono, nikaomba isahihishwe kwamba aliyefanya kazi ni fundi kutoka Mishamo, na nikataja jina lake. Mwenyekiti akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema muhtasari ulikwishathibitishwa dakika tano zilizopita, mwalimu, ungesema mapema. Nilikuwa nimechelewa tena.

Nilipopata safari ya Mishamo mwaka huo, kiangazi, nilimweleza fundi yote: mvua, ukuta wa magharibi, darasa, na muhtasari. Kuhusu ukuta wa magharibi aliuliza maswali mengi na kuonekana kuudhika. Alisema alipaswa kuchimba aangalie msingi, na kwamba yeye pia alikuwa na haraka. Kuhusu muhtasari hakujali.

"Afadhali," alisema. "Jina langu likae huko kwenye kanisa. Huko mjini wasilijue sana."

Mkewe alikuja na chakula, akakiweka mbele yangu, akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Tulikula sote watatu. Walizungumza juu ya maharage, ambayo mwaka ule yalikuwa yameharibiwa na mvua ileile, na juu ya binti yao aliyekuwa anaolewa upande wa pili wa makazi, na kama lori nililokuja nalo lingeweza kupitia huko na vitu vyake. Nilimwuliza dereva. Akakubali.